Kombi ya Kuwahi Maziko

Siku ya hitima, ubani ungali ukifuka chumbani na sisi wanawake tumeketi mkekani na mashungi yetu, alibisha hodi mtu nisiyemjua. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na kofia ya vito. Wanaume walikuwa bado msikitini, kwa hivyo nikatoka mimi hadi ukumbini. Akatuombea subira kwa maneno mazuri, akajipangusa uso kwa viganja, kisha akauliza kama ni kweli kwamba injini ya ile kombi imetoka nzima. Nikamwambia ni kweli. Akauliza ilikuwa ikienda mbio ngapi.

Jikoni palikuwa na sufuria ya maji ya moto, na mimi si mtu wa subira. Mama alizoea kusema kwamba wenzangu walipakwa asali mdomoni siku ya kuzaliwa, mimi nikapakwa pilipili. Lakini nilimtazama yule mtu nikaona hana nia mbaya. Alikuwa na ugonjwa uliowashika wanaume wa Mombasa karibu wote miaka ile, wa kutaka kujua gari gani, kwa injini gani, linafika maili ngapi kwa saa. Nikamwambia arudi siku nyingine. Kumjibu sawasawa ingebidi nianze mbali, na yeye alikuwa amesimama. Sasa nimeketi, nitaanza mbali.

Ilikuwa baada ya uhuru. Wazungu wengi walikuwa wakifunga virago, na vitu vyao vilimwagika mjini: makochi, vinanda, mbwa wasioelewa Kiswahili, na magari. Miongoni mwa magari hayo zilikuwamo kombi za kulala, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa kutembea tu. Ndani mna kitanda cha kukunjua, kabati, jiko dogo la gesi, beseni la kunawia, na mapazia ya maua madirishani. Vijana wa barazani waliziita konokono, kwa sababu hubeba nyumba mgongoni na kwa sababu ya mwendo wake pia.

Kaka yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa seremala wa milango na vitanda. Mimi nilikaa kwake Mji wa Kale pamoja na mkewe, kwa kuwa mume wangu alikuwa baharia wa meli na nyumbani alipita kama mgeni. Kaka aliinunua kombi moja kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alipofungua lile kabati na kuona jinsi mbao zilivyoungwa bila msumari hata mmoja, alisahau kuuliza habari za injini. Mzungu ndiye aliyemwambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba gari hili liendeshwe arubaini na tano, halitamsumbua maisha yake yote, maana liliundwa kwa watu wasio na haraka ya kufika popote. Kaka alitusimulia maneno hayo huku akicheka. Mimi nilicheka naye siku ile.

Gari halikuweza kuingia vichochoroni mwetu, kwa hivyo lililala nje ya Ngome ya Yesu, na wale watembezaji wa wageni wakawa walinzi wake bila ya kuombwa. Siku ya kwanza nilipelekwa kulitazama kama anavyotazamwa bibi harusi. Nikalizunguka. Nikamuuliza kaka injini iko wapi. Akaniambia iko nyuma, chini ya kitanda.

"Na mbele yako wewe una nini?"

"Nina kioo," akasema. "Na bati."

"Basi bampa ni magoti yako."

Akaniambia nina ulimi mbaya. Ni kweli, ninao, na siku hiyo ulisema kilicho mbele ya macho. Kiti cha dereva kilikuwa puani kabisa mwa gari, na ukikaa pale miguu yako inaitangulia hata mipira.

Barazani kwetu kila baada ya Alasiri paliwaka moto kwa ajili ya kombi ile. Mmoja alishikilia kwamba zile za mwanzo kabisa, za injini ya cc elfu na mia moja na kitu, hazivuki hamsini hata zikisukumwa na shetani. Mwingine, aliyekuwa dereva wa malori mpaka mgongo ukamkataa, alisema ya elfu na mia mbili kama yetu hufika hamsini na tano, hata zaidi ya hapo kidogo, lakini gari likiwa tupu, barabara ikiwa lami, na upepo ukiwa nyuma. Ukishatia kitanda na kabati na jiko na wanawake wawili wanene, hiyo ni hesabu nyingine. Akaja aliyewahi kuendesha kombi ya Kiingereza, ile ambayo injini yake hukaa chini ya kifuniko katikati ya dereva na abiria. Hiyo, alisema, inafika sitini, ila mapaja yako yanaiva kabla hujaona Mariakani. Kisha likatajwa jina la injini mpya iliyokuwa imetoka, ya elfu na mia tano, na wote wakashusha sauti kidogo. Walibishana hivyo mpaka adhana ya Maghrib, na wengi wao hawakuwa na hata baiskeli.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya baraza kama baba asingefariki.

Wazee wetu walikaa Malindi, nyumba moja na mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile. Kwetu maiti halazwi. Akifa alfajiri huzikwa Adhuhuri, akifa asubuhi huzikwa Alasiri, na mjomba alikuwa mtu wa kushika sheria kuliko wenye kuifundisha. Habari ya baba ilitufikia asubuhi kwa simu ya Bohora aliyekuwa na duka la vyuma karibu nasi. Tukakimbilia Ngomeni. Kombi ikakataa kuwaka, ikasukumwa na wale watembezaji na wauza vinyago, ikawaka, ikaachwa ipate moto, na muda wote huo majirani wanazidi kuja na kanzu begani, kwa kuwa mtu mwenye gari anayekwenda mazikoni hamkatazi mtu. Kiti ni haki ya marehemu, si mali ya mwenye gari. Kumrudisha mtu aliyekusudia maziko ni aibu ambayo hata wajukuu zako watakuja kuambiwa.

Kaka alikanyaga mafuta mpaka chini tangu tulipovuka daraja la Nyali. Mshale wa mbio ulipanda ukafika arubaini na tatu, ukatetemeka pale pale. Penye mwinuko ulishuka hata ishirini. Upepo wa kusi ulikuwa ukitupiga mbavuni, na lile paa refu la gari likawa linaupokea wote. Lori la nazi likatupita. Mbele likasimama kupakia, tukalipita sisi, kisha likatupita tena. Kilifi tukakuta kivuko kimeshatoka, kiko kati ya maji. Kaka alisimama ukingoni akikitazama kinavyokwenda, na mkono wake ulikuwa juu ya bati la gari unalipiga taratibu, bila yeye mwenyewe kujua.

Tulipoingia mtaa wa wazee, tuliwakuta wanaume wanarudi. Walikuwa wanatembea polepole wawili wawili, na mikono yao ilikuwa na mchanga. Mjomba akamkumbatia kaka, akamwambia maiti hangoji mtu, ndiyo sunna. Kaka akampita akavuka kizingiti. Ndani, mama alikuwa ameketi pembeni ya kitanda kilichokwisha kuondolewa shuka. Hakulia. Alimtazama mwanawe akamwambia, "Babako alikungoja hata wakamtoa."

Sidhani kama mama alikusudia kumuumiza. Lakini neno likishatoka halina mwenyewe. Kwetu mtoto wa kiume ndiye huingia kaburini akampokea mzazi wake, akamlaza katika mwanandani, akamfungua fundo la sanda. Ni huduma ya mwisho na hairudiwi. Kaka alikuwa mtoto pekee wa kiume, na baba alipokewa na mikono ya wengine. Tukiwa njiani kurudi alinena mara moja tu. Alisema, "Mama sitamkosa. Huyo nitamwingiza mwenyewe."

Na mama ni zaidi, kwani mwanamke haingizwi kaburini ila na maharimu wake, jamaa wasioweza kumwoa. Nikajua tangu siku ile kwamba kaka ameshaanza safari ambayo sababu yake bado i hai, inaketi Malindi, inakula tende na kuuliza habari zetu. Jambo hilo lilinitia baridi. Mtu hamuwekei mamake gari tayari.

Habari za ile injini mpya kaka alizipata Mwembe Tayari, kwa madereva wa mabasi ya bara. Kombi ilikuwa imepata ajali upande wa Mariakani, mpya kabisa, ya elfu na mia tano, mbele imekunjika kama karatasi ya kufungia halua, nyuma haina hata mkwaruzo. Injini inauzwa. Nikamuuliza kaka mwenye gari yuko wapi. Akaniambia injini haina lawama.

"Sikukuuliza lawama. Nalikuuliza mtu."

Akaondoka. Mtu alikuwa amekufa, bila shaka. Wangapi sikupata kujua, na kaka, nadhani, alihakikisha kwamba yeye pia hajui.

Fundi aliyeitia alikuwa Mgiriama, Mkristo, aliyekuwa akitengeneza injini za mashua za uvuvi kule Liwatoni. Nilikwenda na chakula cha mchana nikawakuta wamelala chini ya gari wote wawili, na injini ya zamani imetolewa iko juu ya gunia, ndogo, nyeusi, inavuja mafuta. Fundi alieleza kwamba hii mpya waundaji wake wameitilia kidude cha kuibana pumzi kwenye kabureta, isipite mbio fulani. Kaka akataka kitolewe. Fundi akasema waliokitia hawakuwa wajinga. Kaka akakitoa mwenyewe, ni mtu aliyejua kushika zana, akakitupa baharini. Nilikisikia kikidondoka majini.

Kisha fundi akasema lililo kubwa zaidi. Alilisema akijifuta mikono, hakumtazama kaka usoni, labda kwa heshima. "Bwana, kwenda mbio nimekuongeza. Kusimama sikukuongeza. Breki ni zile zile za injini ya kwanza. Niwachie gari hapa, siku mbili tatu, nikubadilishie."

Kaka akasema vyema, ataileta Jumatatu.

Jumapili akafa mwalimu wa chuo cha Kurani wa mtaani kwetu, akiwa kwa binti yake Takaungu. Walimu kama hao hawazikwi na watu watatu. Kombi ikajaa mpaka juu ya kitanda, ikaondoka, ikafika kabla ya maiti kuoshwa. Watu walirudi wanalisimulia gari kuliko walivyomsimulia mwalimu. Mshale umefika sitini, umepita sitini, na gari halijachoka. Giaboksi ilikuwa ile ile ya zamani, kwa hivyo injini ilipiga kelele kama inayobishana nayo, lakini ilikwenda. Barazani ikakatwa hukumu kwamba konokono ya Mji wa Kale ndiyo kombi yenye mbio kuliko zote za pwani, na yule dereva mstaafu, aliyekuwa hakubali kitu, akakubali.

Breki zikangoja. Wiki iliyofuata alifariki bibi wa Kikambala. Halafu mtu wa Gongoni. Halafu Kwale, kwa kivuko cha Likoni, maiti mwenyewe akiwa ndani ya gari juu ya kile kitanda cha Wazungu, kwa kuwa alifia hospitali Mombasa na watu wake walitaka kumrudisha kwao. Mapazia ya maua yalifungwa. Kitanda kilimtosha kabisa, kichwa mpaka miguu, kana kwamba kilipimwa kwake. Kila kaka alipokusudia kulipeleka gari Liwatoni, mtu alikuja na kanzu begani akasema ana maziko, na kaka hakuweza kumwambia gari liko gereji. Wewe ungemwambiaje? Msiba wake ni leo, breki zako ni kesho. Mauti hayakutupa wiki moja ya kupumzika mwaka ule, na nilianza kuona kama yanajua kwamba yamepata gari.

Nilimsema. Nilimsema asubuhi na jioni. Nilimwambia gari linanuka, na lilinuka kweli, harufu ya kitambaa kinachoungua chini kwa chini, kila tulipoteremka mahali. Wifi yangu naye alimsihi kwa upole, kwa kuwa yeye alipakwa asali. Kaka alitusikiliza sote wawili kwa adabu. Alisema ni sawa, baada ya hili moja.

Safari ya mwisho ya kumtembelea mama tulikuwa ndani mimi na kaka tu, na alitaka mama aone. Akampakia kiti cha mbele, akamzungusha Malindi mpaka upande wa uwanja wa ndege, akamwonyesha mshale. Waliporudi mama alishuka polepole, akashika mlango, akalitazama gari kwa muda. Alikuwa amepungua, buibui lilikuwa linamning'inia mabegani. Akamwambia, "Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Kaka akacheka akambusu mkono. Mjomba alikuwa kibarazani, akasikia. Tangu maziko ya baba wawili wale walisalimiana na kuulizana hali, na hapakuwa na zaidi. Kaka hakula tena sinia moja naye. Mjomba naye alikuwa mgumu, kama mlango ulioharibika na unyevu, haufunguki wala haufungiki.

Basi ikaja asubuhi yenyewe. Jua lilikuwa halijapanda sana, joto la kaskazi tayari limeshika kuta. Bohora alikuja mwenyewe, hakumtuma mtu, akasimama mlangoni na kofia yake ya dhahabu mkononi. Nilipoiona ile kofia mkononi nilielewa. Mama amefariki alfajiri. Mjomba amepiga simu.

Kaka hakukaa chini hata kidogo. Alisema Adhuhuri. Alilisema neno hilo moja, akavaa kanzu, akachukua funguo. Wifi alikuwa na mtoto mchanga. Ikakubaliwa atakuja na basi. Tulipofika Ngomeni majirani walikuwa wameshajua, maana Mji wa Kale habari hupita kuta. Wakapanda kumi au zaidi, wengine kitandani, wengine sakafuni baina ya kabati na beseni. Mimi nilikaa nyuma ya kiti chake. Ile injini ya kwanza ingetaka kusukumwa, ingetaka kupata moto, tungekaa pale tukitukana na kusubiri. Hii iliwaka kwa mzungusho mmoja wa ufunguo. Tulikuwa tumeshaondoka wakati mlango wa ubavuni bado unafungwa.

Nyali tulivuka daraja polepole, hakuna namna, mapipa yanayolibeba majini yanaguna chini yetu. Kisha barabara ikafunguka. Mshale ukapita hamsini bila kusita. Ukapita sitini. Vikombe vya Wazungu vilivyobaki kabatini vikaanza kulia, na milango ya kabati, ile iliyoungwa bila msumari, ikawa inapiga makofi. Watu walikuwa wakisoma Yasini kwa sauti ya chini. Mahali penye vumbi gari lilielea, huhisi magurudumu yameshika kitu. Niliona shingo ya kaka mbele yangu, imelowa jasho, imenyooka. Kwenye mteremko wa Mtwapa alikanyaga breki, na nikauona mguu wake ukienda chini mbali kuliko ilivyo kawaida. Akakanyaga tena. Mara ya pili ikashika. Harufu ile ikajaa ndani.

Nikamwambia, "Kaka, punguza. Mama ndiye keshafika, haendi tena."

Akanijibu bila kugeuka. "Hiyo ndiyo inayonikimbiza."

Nikaushika mgongo wa kiti chake. Nilikasirika, nikalia, nikawa nafanya yote mawili kwa pamoja, na nilijua kama nijuavyo jina langu kwamba hatutafika hivi. Hata hivyo tulikuwa tunafika. Ndilo lililonichanganya. Jua lilikuwa upande wa asubuhi bado na tulishaona mikorosho ya Kilifi. Kwa injini ya zamani tungekuwa bado tunapigwa na vumbi la lori la nazi.

Barabara inapokaribia maji pale Kilifi huteremka. Kutoka juu tulikiona kivuko upande wetu, kimejaa, na wale watu wake wameanza kushika minyororo ya kukivuta. Dakika moja na kitaondoka, na kikiondoka, ni kule ng'ambo, na kurudi, na foleni. Ni pale pale alipomkosa baba. Sikuona mguu wake ukigusa mafuta wala kuondoka. Niliona tu kwamba kivuko kinakuwa kikubwa upesi mno. Akakanyaga breki. Mguu ukaenda chini. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu, kisha akashika breki ya mkono, ikapanda yote na haikushika kitu. Chini kwenye gati palikuwa na wanawake wanaouza korosho na madafu, wameketi katikati ya njia na mabakuli yao, na watoto wao mgongoni. Alipiga honi. Wakainua vichwa, hawakuinuka.

Akazungusha usukani akalitia gari ukingoni, kwenye ule ukuta wa jiwe la matumbawe uliochongwa kupitisha barabara.

Nilipopata akili nilikuwa juu ya watu na watu juu yangu. Kuna aliyevunjika mkono, kuna aliyepasuka paji la uso, lakini wote walikuwa wakisema, na mtu anayesema yuko hai. Kitanda kilikuwa mahali pake. Pazia moja tu lilikuwa limechomoka. Na nyuma yetu injini ilikuwa inanguruma, nzuri, sawasawa, kana kwamba inasubiri kuambiwa iende wapi tena. Nilipitisha mkono kando ya kaka nikazima ufunguo. Baina yake na jiwe hapakuwa na kitu. Kioo hakikuwapo, na bati lilikuwa limerudi nyuma mpaka kifuani mwake. Niliita jina lake. Nililiita mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Daktari wa Kilifi alimtazama, akamfunika. Polisi waliandika yao. Likapatikana lori la kutupeleka, lori la nazi, Mungu ana dhihaka zake. Nikakaa nyuma naye, na kichwa chake pajani mwangu ndani ya kanga mbili. Tukavuka kwa kivuko kile kile. Watu wake huimba wakivuta minyororo. Siku hiyo mmoja wao alinyanyua mkono na wote wakanyamaza, tukavuka kwa sauti ya maji tu. Dereva alikwenda taratibu sana. Alidhani ananistahi. Adhuhuri ikapita tukiwa njiani, na Alasiri ikapita, na mimi nilikuwa nikimweleza kaka, kimoyomoyo, kwamba mama ameshazikwa, asimlaumu mjomba, asijilaumu, hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Jua lilikuwa linataka kuzama tulipoingia mtaani. Nilitafuta wanaume wenye mchanga mikononi. Sikuwaona. Niliona viti na majamvi nje ya nyumba, na watu wengi wameketi, na jeneza limesimamishwa ukutani, tupu, na kitambaa chake cha kijani kimekunjwa juu. Nilishuka nikapita hadi mlangoni. Ndani kulikuwa na harufu ya kafuri na ubani. Mama alikuwa bado chumbani.

Mjomba akanijia mbio kidogo, yeye ambaye hakuwahi kukimbia. Uso wake ulikuwa na kitu nisichokijua, kama haya na furaha pamoja. Akanishika mabega.

"Mumekuya. Naliwapigia simu mara ya pili, Bohora hakuwapa salamu zangu? Nalimwambia awambie mwende pole pole, msikimbie. Nimewambia watu wote hapa: hatumtoi dada yangu hata aye mwanawe amwingize mwenyewe. Hata kama ni kesho. Yu wapi?"

Bohora alikuwa amezipokea salamu hizo. Baadaye alinieleza, huku akilia, kwamba alikimbia mwenyewe na ndara zake mpaka Ngomeni akakuta alama ya mafuta chini, bado mbichi. Akamtuma mtu kwa baiskeli mpaka darajani Nyali. Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilimtazama mjomba, mtu wa sheria, aliyeivunja desturi yake kwa ajili ya mtu mmoja, na mdomo wangu wenye pilipili haukupata hata neno moja. Nikamwonyesha lori.

Asubuhi yake majeneza mawili yalitoka kwa mlango mmoja. Mama alitangulia. Mjomba ndiye aliyeingia kaburini akampokea, akamfungua fundo, akakaa chini mule kwa muda mrefu hata watu wakaanza kutazamana. Kaka alikuwa amewekwa kando, kivulini, anangoja.